Waliomsahau Bi Hatua

Wagonjwa ndio waliomwita Bi Hatua, na jina likamkaa kama kiatu cha kupimiwa. Alikuwa fundi wa miguu na mikono ya bandia, karakana yake nyuma ya hospitali kubwa, mlango wa mwisho ukishapita chumba cha kufulia mashuka. Mtu akiingia na magongo yake, Bi Hatua hakumtazama usoni kwanza. Alitazama anavyosimama, bega lipi limeshuka, nyonga ipi inabeba mzigo wa mwenzake, ndipo amsalimu. Wengine walisema hana adabu. Wakishatoka pale kwa miguu yao, hawakulisema tena.

Na majivuno alikuwa nayo, tusimfiche. Hakuringia sura wala nguo. Aliringia mikono yake. Baba yake alikuwa fundi viatu, na yeye, mtoto wa pekee, alikulia chini ya meza ya ngozi akipapasa viatu vikuukuu huku mzee akimuuliza, "Haya, mwenye hiki anatembeaje?" Hajafika miaka kumi, alishajua kwa kupapasa soli tu nani anachechemea, nani mjamzito, nani hurudi nyumbani akiyumba. "Mkono wako una macho," baba alimwambia, na binti akaishi na sentensi hiyo kama wengine wanavyoishi na cheti ukutani.

Lakini mguu wa bandia utabaki kuwa wa bandia, na hilo ndilo lililomnyima raha. Mchukuzi mmoja wa sokoni, baba wa watoto wanne, alikatwa mguu juu ya goti. Mara tatu Bi Hatua alimtengenezea mwingine, na mara tatu yule bwana akaurudisha kwa unyonge. "Fundi, mguu ni mzuri," alisema. "Tatizo, ngazi haziujui." Na riziki yake ilikuwa kupandisha magunia ngazini.

Mchana huo wenzake walipokwenda kula, Bi Hatua alibaki chumba cha plasta na chakula chake kwenye kopo, kama siku zote. Hakuwa mtu wa vikao. Akipiga soga aliona kama anaibiwa muda. Alikuwa akitafuna, macho kwenye kalibu ya kigutu cha yule mchukuzi, akasema peke yake kwa hasira, "Ningetoa chochote."

"Chochote ni neno pana," sauti ikamjibu. "Lipunguze."

Ilitoka kwenye beseni. Plasta aliyoikoroga asubuhi ilikuwa inainuka, taratibu, kama unga unaoumuka. Ikapata mabega, ikapata shingo, ikapata kichwa. Uso haukuota. Ikakaa ukingoni mwa beseni kama karani anayesubiri ujaze fomu. Kijiko kilimponyoka Bi Hatua. 

"Mguu huo naweza kuutia uhai," kile kitu kikasema. "Utasikia joto na baridi. Utazijua ngazi. Ninachotaka ni mtu mmoja akusahau."

"Anisahau mimi?"

"Wewe. Asikujue, kana kwamba hamkuwahi kuonana. Hataumwa, hatalia, wala hatajua kwamba kuna kilichomtoka. Wewe mtaje tu."

Hapo, pamoja na hofu yake yote, Bi Hatua alicheka. Kulikuwa na mwanaume aliyemchumbia, kisha akavunja uchumba kwa barua ya mistari miwili. "Mchukue huyo," akasema. "Na ukitaka, mchukue na jina lake mwenyewe."

Asubuhi yake mguu ulikuwa na joto. Mchukuzi aliuvaa, akatazama chini. Vidole vya mpira vilikuwa vinacheza. Akatoka bila kuaga, akapanda ngazi za hospitali hadi ghorofa ya tatu, akashuka mbio huku analia, akamkumbatia mlinzi, akamkumbatia muuza vocha, akarudi akapiga magoti mbele ya Bi Hatua. Fundi hakuwahi kuona siku kama ile. Alitembea wiki nzima kidevu juu.

Wiki iliyofuata alikutana na yule mchumba wa zamani kituoni. "Samahani dada," bwana akamwambia kwa upole, "posta ni njia ipi?" Alimtazama kama unavyotazama nguzo. Bi Hatua alimwelekeza, na alipoondoka akashangaa kujikuta bado anamtazama, basi lake limeshaondoka.

"Mbona nimeumia?" alimuuliza yule wa kwenye beseni mchana ule. Alikwishampa jina la Mpangaji, maana alikaa kwake na hafukuziki.

"Mimi sili kisicho na ladha," Mpangaji akasema. "Kama angekuwa amekutoa moyoni, nisingepata hata tonge. Yule alikuwa bado anakupenda. Hukujua?"

Siku hiyo Bi Hatua hakula. Lakini alikuwa amemwona mtu mzima akishuka ngazi mbio akilia kwa furaha. Akaweka mambo mawili kwenye mizani, na ngazi zikashinda.

Ndivyo ilivyoanza, na jambo likianza hujitafutia sababu. Mfinyanzi aliyepoteza mkono akapata mwingine, na rafiki wa Bi Hatua wa tangu shule akamsahau. Shangazi yake akamsahau kwa ajili ya mguu wa mwanajeshi mstaafu. Jirani aliyemletea uji kila alipougua akaanza kumpita mlangoni bila salamu. Mwalimu wa chuo, mzee aliyempigia debe apate kazi ile, alikuja kutembelea karakana akamuuliza mpokezi, "Na huyu dada ni nani?" Kila mmoja Bi Hatua alimpa maelezo mazuri moyoni: huyu ana watoto wake, huyu ana marafiki tele, huyu hatapungukiwa. Hakumuuliza yeyote. Sifa zake zikavuka mipaka ya mji. Watu walisafiri siku mbili kumfuata. Na nyumbani kwake simu ilikaa kimya mpaka ikashika vumbi.

Wa sita alikuwa mama yake.

Aliletwa mtoto wa miaka tisa, mguu umekatwa chini ya goti, wenzake wakimwita Risasi kwa jinsi alivyokuwa akikimbia zamani. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Fundi, nitakuwa wa ngapi?" akimaanisha kwenye mbio. Bi Hatua alijua mguu wa kawaida ungemfanya wa mwisho maisha yake yote, tena ungebadilishwa kila mwaka mtoto akikua. Mpangaji akasema, "Walio nawe moyoni wamebaki wawili." Bi Hatua akajiambia: Mama ana Baba, hatakuwa mpweke. Baba ana nani? Akamtaja mama.

Mguu wa Risasi ulikuwa na joto, na ulikua pamoja naye.

Baada ya hapo Bi Hatua aliendelea kwenda kwa wazazi wake kila Jumapili. Mama alimfungulia mlango kwa tabasamu la wageni. "Karibu mwanangu, pita," alisema, kama alivyomwambia kila kijana aliyebisha hodi. Bi Hatua aliweza kumwita "Mama" bila kumshtua, kwa kuwa nani asiyemwita mtu mzima Mama? Wakaishi hivyo miaka miwili, wakipeana neno lile lile, mmoja akilimaanisha na mwingine akilitumia tu.

Baba ndiye aliyetaabika. Alimpeleka mkewe kwa daktari wa kwanza, wa pili, wa tano. Wote walisema kichwa cha mama kizima. Anajua siku, anajua majirani, anakumbuka harusi yake. Mwana tu ndiye hayumo. "Mwanangu, usimchukie," mzee alimwambia binti yake uani, akifuta macho kwa kiganja. "Ni ugonjwa. Tutapata dawa." Bi Hatua alimtazama mzee akijilaumu kwa kosa lisilo lake, akanyamaza. Huo unyamavu ndio ulioanza kumla, kuliko hata upweke.

Kisha akaja msusi.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mdomo mkali kama wembe. Alikuwa na saluni yake ndogo yenye viti vitatu. Siku moja alishika waya wa kuanikia nguo, kumbe umeguswa na waya wa umeme. Mikono yote miwili ilikatwa chini kidogo ya kiwiko.

"Nimesikia habari zako," alimwambia Bi Hatua kabla hajakaa. "Yule mfinyanzi ni mteja wangu. Mkono wake unatoa jasho, fundi. Unatoa jasho! Nataka kama ule. Na usiniletee zile ndoano za vyuma. Sisuki nyama mimi, nasuka vichwa vya watu."

"Nitaona," Bi Hatua akasema.

"Usione. Fanya."

Mchana Mpangaji akainuka, mkubwa kuliko siku zote, mabega yake yakigusa rafu ya kalibu. "Amebaki mmoja," akasema kwa adabu yake ile. "Mikono miwili kwa mtu mmoja. Nakufanyia hisani, maana baba ni mzito."

Bi Hatua hakukataa. Hilo lisifichwe pia. Alisema, "Nipe hadi Jumatatu," akaenda kwa wazazi wake kumwona baba kwa mara ya mwisho akiwa baba.

Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anaunga mkanda wa mkoba wa jirani. Alikuwa amestaafu viatu lakini mikono ilikuwa haijui.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka? Umekula?"

Hilo swali ndilo lililomvunja. Alikwenda kumuaga kimya kimya, akajikuta amepiga magoti kwenye vumbi la ngozi, anasema yote: plasta, mchumba, rafiki, shangazi, jirani, mwalimu. Mama alimweka mwisho, lakini alimtaja. Mzee hakumkatiza. Sindano ilibaki imesimama hewani.

"Madaktari watano," hatimaye baba akasema.

"Najua Baba."

"Nilimuuliza Mungu nimemkosea nini mke wangu. Nikajiuliza kama ni ile siku nilipompigia kelele. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, unakunywa chai."

Mzee akamtazama usoni.

"Ulimuuliza mama yako?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Angekataa."

"Basi ulijua." Mzee akaitua sindano. "Mtu anayeficha swali, jibu tayari analo." Kisha akasema, "Na mimi leo umekuja kuniuliza, au umekuja kuniaga?"

"Nilikuja kukuaga. Sasa nakuuliza."

"Basi nakukatalia. Nilistaafu viatu, sikustaafu ubaba." Akainuka, akajipangusa suruali. "Kesho nataka kumwona huyo asiye na uso. Nimehudumia wateja miaka arobaini, na wengi nimewajua kwa nyayo tu. Sitishiki."

Kesho yake saa saba mchana mzee aliingia chumba cha plasta amevaa koti lake la sherehe. Mpangaji akainuka. Bi Hatua aliogopa kwa niaba ya baba yake, lakini mzee alivuta stuli akakaa, magoti kwa magoti na kile kitu cheupe.

"Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Nataka mke wangu amkumbuke mtoto wetu. Inawezekana?"

"Inawezekana," Mpangaji akajibu bila kusita. "Mimi si mwizi. Kila kitu kipo. Mleteni yule mtoto, ule mguu wake uvuliwe, uwekwe humu kwenye beseni. Utarudi kuwa mpira na mbao, na mama atamkumbuka binti yake jioni hiyo hiyo."

Baba aligeuka akamtazama Bi Hatua, na kwa mara ya kwanza binti aliona kwenye macho yale tamaa aliyoifahamu vizuri sana, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe. "Huyo mtoto anakaa wapi?" mzee akauliza.

"Anakuja Alhamisi kupimwa."

"Na mimi nitakuja Alhamisi."

Siku zile tatu Bi Hatua hakujua aombe nini. Kama baba angesema mguu uvuliwe, angeuvua? Mkono wake ungekubali? Na asipouvua, atamtazamaje mama mlangoni, Jumapili baada ya Jumapili? Hakuwa na wa kumuuliza. Wote ambao angewauliza alikwishawatoa.

Alhamisi Risasi alifika mapema, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu alikwenda uwanjani pembeni ya chumba cha mashuka kucheza mpira wa matambara na watoto wa wafuaji. Baba yake Bi Hatua alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Bi Hatua aliwaona wote kupitia dirisha la karakana. Alimwona Risasi akiwakimbia watoto wawili wakubwa kuliko yeye, akigeuka ghafla kwa kisigino kile kile cha bandia, akipiga shuti lililogonga ndoo ya sabuni ikamwagika yote. Wafuaji wakamtukana. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Kisha alimwona mzee wake akienda kumwinua, akiinama, na kufanya alichokifanya maisha yake yote: kukishika kile kiatu cha mtoto, kukigeuza, kupapasa soli.

Aliporudi ndani mzee alikuwa na povu la sabuni kwenye koti.

"Anakanyaga sawasawa," akasema. "Kisigino, ukingo, kidole gumba. Soli imeliwa kama ya mtu mzima wa viungo vyote. Sijawahi kuona kazi kama hii."

"Baba..."

"Nyamaza kidogo. Uliyomfanyia mama yako ni ubaya, na mimi sitakusafisha. Lakini ule mguu ameutoa yeye. Hajui, ila ameutoa yeye. Na namjua yule mwanamke miaka arobaini na miwili. Angejua, angeringa mtaa mzima ukahama." Machozi yalimlengalenga, lakini kidevu kilikuwa juu, na Bi Hatua akatambua kidevu chake mwenyewe kilitoka wapi. "Hatuuvui. Na hatumlishi tena yule wa kwenye beseni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Huyo msusi anahitaji mikanda ya mabega, na wewe ngozi hujawahi kuijua vizuri. Nionyeshe vipimo."

Kumwambia msusi kulikuwa kugumu kuliko kumwambia baba. Bi Hatua angeweza kusingizia kwamba ile njia haiwezekani kwa mikono miwili. Lakini kusingizia kulikuwa kumemchosha. Akamwambia yote, neno kwa neno, wamekaa kwenye benchi nje ya karakana.

Msusi alisikiliza, vigutu vyake vimelala mapajani. "Kwa hiyo ipo," akasema.

"Ipo."

"Na baba yako asingeumwa."

"Asingeumwa."

"Angesahau tu. Watu wanasahau kila siku, fundi! Mimi mume wangu amenisahau na akili zake timamu, tangu nilipotoka wodini. Baba yako kusahau ni jambo dogo kiasi gani, mbele ya hivi?" Akaviinua vigutu vyote viwili. "Wale sita uliwatoa kwa wageni. Ilipofika zamu yangu ndipo ukapata dini?"

Hapakuwa na uongo katika maneno yale. "Ni kweli," akasema. "Zamu yako ndiyo niliyoishia. Sina namna ya kulifanya hilo liwe haki."

"Hata kuomba msamaha hujui."

"Nakuomba msamaha. Na nakuomba nikutengenezee mikono kwa mikono yangu. Haitatoa jasho. Haitahisi. Lakini itakuwa bora kuliko yoyote inayotengenezwa popote, hilo nakuapia."

"Una kiburi, wewe."

"Ninacho."

Msusi aliondoka. Wiki tatu hazikumleta. Katika wiki hizo Bi Hatua na baba yake walikuja karakana kila siku, mzee na mfuko wake wa sindano na nta, binti na tupa na msasa. Mchana Mpangaji aliinuka na kuwatazama kwa kichwa kile kitupu. "Mmoja tu," alisema kwa upole. Baba alimwambia, "Sogea, unaziba mwanga."

Siku moja tu, mzee akiwa ametoka kununua uzi, Mpangaji aliongea vingine. "Unajua kwa nini nilikuja kwako?" akamuuliza Bi Hatua. "Karakana ziko nyingi. Nilikuona unakula peke yako. Nikasema, huyu tutaelewana. Mimi hakuna aliyewahi kunikumbuka, ndiyo maana nala kumbukumbu za wengine."

Bi Hatua aliacha kupiga msasa. Hakujua kama anadanganywa au anaambiwa siri, na kilichomtisha ni kwamba alimwonea huruma. "Nitakusalimu kila siku," akasema mwishowe. "Zaidi ya hapo sina."

"Ni kidogo."

"Ndicho nilichonacho."

Tangu hapo alimsalimu, na Mpangaji akawa anapungua, kutoka mabega hadi kifua, kutoka kifua hadi kichwa kinachochungulia tu kwenye beseni. Lakini hakuondoka. Kila alipoletwa mgonjwa wa kuhuzunisha alinong'ona, na kila siku Bi Hatua alipaswa kukataa upya. Zipo siku alikataa kwa kujivunia nafsi yake. Zipo siku alikataa akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Msusi alirudi siku ya ishirini na tatu. Hakusalimu. "Hiyo mikono iko wapi?"

Ya kwanza ilimchomoka. Ya pili ilimchubua. Ya tatu mkanda ulibana hadi akamtukania Bi Hatua ukoo wote, na mzee akajibu kutoka kona yake, "Ukoo uko hapa, endelea tu." Msusi akacheka bila kutaka. Ya tano ndiyo iliyokaa. Vikombe vyepesi vilivyoshika vigutu kama ganda linavyoshika yai, mikanda ya ngozi laini ya mzee ikivuka mgongoni, waya wa breki ya baiskeli ukipita kwenye kiwiko. Msusi akiinua bega kidogo, kibanio cha kushoto kinafunguka. Na mkono wa kulia, Bi Hatua alikuwa amemwekea kitu ambacho hakuna kitabu cha ufundi kilichokuwa nacho: ncha inayobadilishwa. Kuna ya chanuo, kuna ya mkasi, na kuna sindano ya kusukia, ile yenye kijiti na mdomo wa kufungika, ya kupitishia nywele za bandia kwenye mistari. Alikaa wiki nzima katika saluni ya watu akitazama wasusi wanavyoishika, mpaka wakadhani ni mkaguzi.

Msusi aliishika mistari ya mwanasesere wa mazoezi kwa kibanio, akapitisha sindano, akavuta. Fundo likakaa. Akavuta la pili. Alisuka nusu saa, jasho likimtiririka, na mwisho akasema, "Mitindo mingine yote imenitoka. Huu mmoja ninao."

"Unao."

"Bado sijakusamehe. Kaza mkanda wa kulia, unalegea."

Mwezi mmoja baadaye, msusi alipotaka kichwa cha kweli cha kujaribia kabla hajafungua saluni upya, baba alisema, "Nitakuletea mteja." Jumamosi alikuja na mkewe. Bi Hatua alitaka kutoka, lakini msusi akamwita. "Wewe, unakwenda wapi? Mistari ya chini siwezi kuisuka mimi, na msaidizi wangu anaanza wiki ijayo. Njoo usuke."

"Sijui kusuka."

"Utajifunza leo. Mama, vumilia, huyu mkono wake una macho lakini una upofu wa nywele."

Kwa hiyo Bi Hatua alisimama nyuma ya mama yake, akatia vidole kwenye zile nywele zenye mvi, akaanza mistari. Joto la kichwa kile lilimpanda mikononi hadi kifuani. Miaka miwili hakuwa amemgusa zaidi ya kupeana mkono. Alisuka taratibu, vibaya, asitake kumaliza.

"Hiyo ni mistari au ramani ya mto?" msusi akauliza.

"Mwache," mama akasema. "Ana mkono mzuri. Hauumizi."

Kisha msusi akaingia kazini. Sindano ikapita, kibanio kikafunguka na kufunga, waya ukalia kidogo kila bega lilipoinuka. Mama alitazama yote kwenye kioo cha mkononi alichoshikiwa na mumewe. Alitazama vikombe, mikanda, ile ncha inayoingia na kutoka kama jambo rahisi. Ilichukua saa tano. Msusi mwenye mikono miwili angetumia mbili. Ilipokwisha mama aligeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, akainuka kama malkia, na baba akasahau kwamba alikuwa anashikilia kioo.

"Hii mikono kaitengeneza nani?" mama akauliza.

"Huyu," msusi akasema, akimwonyesha kwa sindano. "Ana kiburi, ana makosa yake, mengine makubwa. Lakini ni yeye. Na mzee wako kashona mikanda."

Mama alimtazama Bi Hatua kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akamtikisa kidogo.

"Mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Bi Hatua hakuweza kumtazama baba yake. "Yupo karibu," akasema.

"Basi ukimwona, mwambie kuna mama mmoja kasema hongera. Mwambie hivi: amezaa."

Kidevu cha Bi Hatua kikapanda juu, pale pale kilipozoea kukaa.

"Nitamwambia," akasema.